Springi za Nyuma

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo tuliikariri darasani kama watoto wote wa Tanzania, na mwalimu akatutaka tuitungie sentensi. Kwangu mimi ilikuja kutimia kwa namna ambayo mwalimu hakuifundisha: asiyesikia nilikuwa mimi, na guu lililovunjika lilikuwa la mdogo wangu. Yalitokea mwaka 1984, katika gari langu, nami nikiwa ndiye dereva. Sijapata kuyaandika mpaka leo, na hata leo nisingeyaandika kama mtoto wa huyo mdogo wangu asingekuja kwangu na swali la springi.

Ilikuwa mwezi Juni, mwaka 2023. Kijana alifika nyumbani hapa Majengo akitokea Dar es Salaam na Toyota Altezza, gari lililotengenezwa Japani kati ya mwaka 1998 na 2005, la kukokotwa na magurudumu ya nyuma, lenye injini ya lita 2 na gia za kukanyaga klachi. Ni gari zuri, wala sitasema uongo. Ndani ya buti alikuwa na boksi kubwa, na ndani ya boksi seti ya koilova zilizotumika, alizozinunua Ilala. Kwa msomaji asiyezijua, koilova ni springi na shokapu vilivyounganishwa kuwa kitu kimoja chenye nati ya kuzungusha, ili gari lishuke au lipande kama mwenyewe apendavyo.

"Baba mkubwa," akaniambia, "za mbele nimeshafunga. Nataka ushauri wako wa nyuma."

Baba yake alikuwa ameketi barazani, fimbo yake imeegemea ukuta. Hakusema neno. Nami nikaomba muda mpaka kesho yake.

Niliomba muda kwa sababu swali la nyuma ya gari, katika familia yetu, ni swali la zamani. Marehemu baba alianza kushika spana akiwa kijana katika gereji ya machimbo ya risasi ya Mpanda, yale yaliyosababisha reli ya tawi kuletwa hapa kutoka Kaliua baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Machimbo yalipofungwa, wengi waliondoka na treni ileile. Baba akabaki, akafungua gereji chini ya mwembe. Mji ulikuwa mdogo, wala hatukuwa bado na mkoa wetu. Tulikuwa wilaya ya mwisho kabisa ya Rukwa, na Katavi haikuwa mkoa mpaka mwaka 2012. Kila kilichotoka nje kilikuja kwa treni au kwa barabara ya vumbi. Vilivyokuja kwa barabara vilifika kwa baba vikiwa vimevunjika nyuma.

Ndiyo, nyuma. Mbele ya gari hubeba injini, na injini haibadiliki uzito asubuhi na jioni. Nyuma ndiko wanakokaa watu, magunia, matenga ya samaki wa Karema, mgonjwa aliyelazwa juu ya godoro. Asubuhi nyuma ni tupu, jioni imelala chini. Springi moja hutakiwa iyamudu yote mawili, na hapo ndipo ugumu wote ulipo. Baba alikuwa haongei sana, lakini gari likiletwa hakuanza na jeki. Alianza kwa kumwuliza mwenye gari anabeba nini.

Alizigawa nyuma za magari katika aina tatu. Ya kwanza ni ile ya vyuma bapa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, vikafungwa kwenye ekseli ngumu inayotoka gurudumu hadi gurudumu. Ni urithi wa magari ya farasi. Ya pili ni ekseli hiyohiyo ngumu, lakini imekalia springi za koili na kushikwa na mikono ya chuma isiyumbe. Ya tatu ni ile ambayo kila gurudumu lina uhuru wake: la kushoto likiingia shimoni, la kulia halina habari. Hii ya tatu aliiita nyuma ya wazungu. Alikuwa na hakika kwamba haitadumu Afrika.

Ushahidi wake ulikuwa Peugeot 404. Wazee wanalikumbuka gari hilo lililotoka mwaka 1960, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ndilo teksi ya safari ndefu katika Afrika Mashariki nzima. Nyuma lilikuwa na ekseli ngumu juu ya springi za koili, na fito moja ya kukingama iliyozuia ekseli isikimbilie upande. Hakuna cha ajabu hapo. Lakini gari hilo lilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1963 na tena mwaka 1968 likiwa mikononi mwa Nick Nowicki, na miaka yote hiyo miwili ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Katikati yake, mwaka 1966 na 1967, likashinda likiendeshwa na Bert Shankland pamoja na Chris Rothwell, wakazi wa Tanzania hii hii. Baba alipenda kulitaja jina la Shankland kama watu wengine wanavyowataja wachezaji wa Simba na Yanga.

Nieleze kidogo mbio zenyewe. Zilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, zikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara za kawaida, mara nyingi wakati wa mvua za Pasaka. Maelfu ya kilomita, matope, vumbi, ng'ombe. Kiwanda kilichotaka kujua kama gari lake ni imara kilileta hapa. Kwa hiyo, anayetaka kujua historia ya springi za nyuma hana haja ya kwenda maktaba ya Ulaya. Atazame orodha ya washindi wa Safari tu.

Na akiitazama kwa haki, ataona kwamba baba alikuwa na makosa, ingawa si makosa makubwa. Mwaka 1962 mshindi alikuwa Tommy Fjastad katika Volkswagen, gari dogo ambalo magurudumu yake ya nyuma hayakuunganishwa kwa ekseli ngumu. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda na Datsun 1600 SSS, na mwaka 1971 akashinda tena na Datsun 240Z. Zote mbili zilikuwa na nyuma huru. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akaichukua na 240Z. Mwaka 1975 ikaja Peugeot 504 ya Ove Andersson, saluni yenye magurudumu huru nyuma, mtoto wa ileile 404 ya baba. Basi nyuma ya wazungu ilidumu, tena ikashinda.

Nilipomwambia baba habari za mwaka 1975, alifikiri kidogo, akasema, "Na 504 ya abiria je?" Hapo alinikamata. Kwa sababu Peugeot wenyewe, walipotengeneza 504 ndefu ya kubeba abiria wengi, hawakuiwekea nyuma ile ya saluni. Waliirefusha, wakarudisha ekseli ngumu, na kila upande wakaweka springi mbili za koili badala ya moja. Pikapu ya 504 nayo wakaiwekea springi za tabaka. Kampuni moja, jina moja la gari, nyuma tatu mbalimbali. Walikuwa wameuliza swali la baba.

Na si Peugeot peke yao. Mwaka 1972 Hannu Mikkola alikuwa mtu wa kwanza kutoka Ulaya kushinda Safari, na alishinda na Ford Escort, gari lenye springi za tabaka nyuma kama lori. Mwaka 1974 Joginder Singh wa Kenya aliendesha Mitsubishi Lancer ndogo, nayo ya springi za tabaka, akamwacha Björn Waldegård nafasi ya pili katika Porsche 911, gari la gharama na la ufundi wa hali ya juu. Mwaka 1976 akashinda tena, na Lancer nyingine mbili zikamfuata nyuma yake.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Datsun. Watu walewale walioshinda mwaka 1970, 1971 na 1973 kwa magari yenye nyuma huru, walikuja mwishoni mwa muongo ule na Datsun 160J iliyokuwa na ekseli ngumu, springi za koili na mikono minne ya kuishika. Kwa macho ya mwanafunzi wa ufundi huko ni kurudi nyuma. Mehta aliishinda Safari na gari hilo mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara nne mfululizo! Ekseli ngumu ni nzito, na uzito huo husumbua juu ya mawe. Lakini haipindishi magurudumu gari linapolemewa, haina viungo vingi vya kulegea, na ikipinda hunyooshwa. Walichokitia akili nyingi si aina ya nyuma bali ni shokapu, urefu wa mwendo wa springi, na uimara wa pale vinaposhikizwa kwenye bodi.

Wakati ule mimi sikuliona hilo la mwisho. Niliona gari tu.

Nilikuwa na miaka 22. Baba alikuwa amechukua Datsun 160J iliyochoka kama malipo ya deni, akanipa niifufue. Miaka hiyo spea zilikuwa za kutafutwa kwa tochi. Bushi tulikuwa tunachonga kutoka kwenye matairi ya lori, na shokapu iliyovuja ilifungwa tena vilevile ikivuja. Nikaifufua. Halafu nikataka iwe ya Mehta. Picha ya gazeti nilikuwa nimeibandika ukutani, gari liko hewani, vumbi nyuma yake. Nikajiambia kuwa siri ni ugumu. Nikapata springi mbili za nyuma kutoka gari zito zaidi, nikazikata kwa msumeno mpaka zikaenea, nikazifunga. Nyuma ikasimama juu, ngumu kama kiti cha kanisani. Nilifurahi sana.

Baba alikuja, akaweka mkono juu ya buti, akaikandamiza mara mbili. "Umepata chuma," akasema, "hujapata shokapu." Akarudi kwenye kazi yake.

Leo naweza kueleza alichokuwa akikisema, maana nimekifundisha kwa vijana wengi. Springi haipotezi nguvu uliyoitia. Inaitunza na kuirudisha. Gurudumu likipanda bonge, springi hujiminya, kisha hutaka kulisukuma chini kwa nguvu ileile, na bila kitu cha kuizuia itaendelea kucheza juu na chini. Kitu hicho cha kuizuia ndicho shokapu, inayokamua mafuta kupitia vitundu vidogo na kuigeuza ile nguvu kuwa joto. Ukiongeza ugumu wa springi, basi shokapu lazima nayo iongezwe nguvu. Ukiweka springi ngumu juu ya shokapu mfu, tena gari likiwa tupu nyuma, umetengeneza mpira wa kudunda. Katika barabara yenye mawimbi kama ubao wa kufulia, gurudumu hurushwa na wimbi la kwanza, likakutana na la pili kabla halijatua sawasawa, na la tatu halilioni kabisa. Tairi lisilogusa ardhi haliwezi kuzuia gari lisiende upande.

Tulikuwa tumetoka na mdogo wangu asubuhi kuelekea upande wa ziwa, kwenda kuulizia samaki. Tulikuwa wawili tu, buti tupu. Yeye alikuwa winga wa timu ya mtaa, na alikuwa akinisimulia mechi ya Jumapili iliyopita. Barabara ilikuwa kavu, mawimbi yake marefu, na gari lilikuwa linatetemeka hivi kwamba sauti yake ilikuwa ikikatikakatika tukicheka wote wawili. Nikaongeza mwendo, kwa kuwa madereva wote wa vumbi wanajua kuwa ukikimbia mawimbi huwa kama yamelala. Kikaja kona cha kushoto, si kikali. Nikakata usukani. Mbele ikaitika. Nyuma haikuwapo.

Gari liliingia mtaroni kwa ubavu, upande wake. Mimi nilitoka na mchubuko kwenye kiwiko. Mguu wake wa kushoto ulivunjika juu ya goti, ukaunga ukiwa mfupi. Hakucheza tena mpira. Kwa miaka yote hii, karibu 40, hajapata kunilaumu hata siku moja, na kwa kweli ningepumua vizuri zaidi kama angenilaumu. Alipooa, nilisimama naye. Alipompata mtoto wake wa kwanza wa kiume, alinipa mimi nimchagulie jina.

Ndiye huyo aliyekuja na boksi.

Kesho yake tulikaa chini ya mwembe, nikamsimulia Peugeot na Datsun. Mambo ya mwaka 1984 aliyajua kama watoto wanavyoyajua mambo ya wazazi, juu juu. Nikamweleza yalivyokuwa hasa, pamoja na ule msumeno. Alisikiliza, kisha akajibu, na jibu lake halikuwa la kipumbavu. "Baba mkubwa, hiyo ilikuwa barabara ya mawimbi. Siku hizi lami inafika Mpanda kutoka Tabora. Na gari langu si ekseli ngumu."

Ni kweli. Altezza ina mikono miwili, wa juu na wa chini, kwa kila gurudumu la nyuma, na imepimwa kiwandani ili tairi likanyage sawa gari linapolalia kona. Ni nyuma bora kuliko zote nilizozitaja humu. Lakini ubora huo umo ndani ya vipimo. Ukilishusha gari sana, mikono hiyo haikai tena pale mchoraji alipotaka; matairi huinama ndani na kuliwa upande mmoja, na nafasi iliyobaki ya kujiminya huwa ndogo, hata gari likikanyaga tuta hugonga raba ya mwisho. Na lami yetu, ingawa twaishukuru, ina matuta, ina rasta za kuamsha madereva, na inaishia pale shamba linapoanza.

Tukatoa koilova. Kwenye springi kulikuwa na namba 8. Nikamwonyesha: ni kilo 8 kwa milimita, maana yake kuiminya sentimita 1 tu kunataka kilo 80. Ni springi ya mtu anayekwenda peke yake kwenye uwanja wa mbio. Shokapu ya kulia ilikuwa na mafuta mafuta kwenye shina.

"Unabeba nini?" nikamwuliza.

Akanyamaza, akaanza kuhesabu. Yeye na mkewe mbele. Watoto wawili na mama mkwe nyuma. Mizigo ya kwenda na kurudi Dar. Tukapiga hesabu pamoja: gari lenyewe ni kama kilo 1,340, karibu nusu yake iko nyuma, watu watatu wa nyuma na mizigo yao wakifika kilo 250, basi uzito wa nyuma umeongezeka kupita theluthi. Na siku nyingine yuko peke yake usiku, barabara imelowa, na guu lake ni zito. Alikuwa ametaka pia stabilaiza nene ya nyuma, ile fito inayozuia gari lisilale kwenye kona. Nikamwambia hiyo ndiyo nitakayoikataa kwa maneno makali, kwa sababu katika gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, ukiikaza nyuma peke yake unaipunguzia mshiko, na mkia ndio utakaotangulia.

Tulibishana siku mbili. Hakukubali yote, nami sikutaka akubali yote; gari ni lake, na kijana anayeendesha gari la kasi kwa hofu ni hatari kuliko anayeliendesha kwa ujuzi. Mwishowe aliuza koilova zote nne, za mbele pia. Tulianza na kitu ambacho hakuna anayekipiga picha: bushi za mikono ya nyuma, ambazo raba zake zilikuwa zimepasuka hata gurudumu likawa linajichagulia pa kuelekea. Tukaweka mpya. Kisha shokapu mpya zenye nguvu kidogo kuliko za kiwandani, na springi ngumu kidogo tu, za kimo kilekile. Stabilaiza ikabaki ileile. Akalalamika kuwa gari halijashuka. Nikakubali kwamba halijashuka.

Jumamosi tukalijaribu. Kijana aliendesha, mimi nikakaa mbele. Mdogo wangu alitoka barazani bila kuitwa, akafungua mlango wa nyuma, akaingiza fimbo kwanza, kisha mguu wa kushoto kwa mikono miwili kama afanyavyo siku zote, akaketi. Kijana akanitazama. Nikasema twende.

Tulielekea Sitalike. Kwenye lami alikanyaga mafuta zaidi ya nilivyopenda, na katika kona moja ndefu nilijishika mlango bila kujua. Gari likaegama kidogo, likatulia, likapita. Kwenye rasta magurudumu yalinguruma chini yetu lakini bodi haikurukaruka. Tulipochepuka kuingia njia ya udongo yenye mawimbi, nilimwambia apunguze, akapunguza, na nikasikiliza nyuma kwa masikio ya baba yangu. Ilikuwa ikigonga kwa upole, pa pa pa, kila gurudumu likirudi chini kwa wakati wake.

Nikageuka. Mdogo wangu alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo, mdomo wazi kidogo. Tangu mwaka 1984 sijapata kumwona amefumba macho ndani ya gari nililomo.

Aliamka tulipokuwa tunageuza. Akatazama nje kupajua mahali, akajipangusa uso.

"Tukirudi pitieni shambani," akasema. "Kuna magunia matatu ya mahindi. Mawili yaingie kwenye buti, moja nitakaa nalo hapa nyuma."

Kijana alinitazama tena, safari hii kwa jicho la kuomba msaada. Nami nikatazama dirishani.